Kijana Anayefungua Redio Aelekezwe, Asifukuzwe

Mazungumzo kuhusu ubunifu wa vifaa vya umeme na kompyuta majumbani, yaliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata

Karibu kila mtaa na kila kitongoji kina nyumba moja ambayo vitu vyake havikai vikiwa vimefungwa. Redio hufunguliwa kabla haijaharibika, tochi hunyofolewa balbu, na chaja iliyotupwa jalalani hurudi ndani ikiwa mfukoni mwa mtoto. Aghalabu mtoto huyo hana jina zuri. Huitwa mharibifu, hugombezwa, na wakati mwingine huchapwa. Mazungumzo haya yanamhusu yeye, pamoja na mtu mzima mwenye tabia kama yake, ambaye akishamaliza kazi za mchana hukaa na bisibisi na koleo mpaka usiku wa manane.

Jambo linalowekwa mbele ya wakazi ni moja. Mkono unaopenda kufungua vitu ni rasilimali ya kata, lakini ni mkono unaoweza pia kujiletea madhara. Ukiachwa bila mwelekeo unaweza kuunguza nyumba. Ukikatazwa kabisa, jamii itakosa vifaa ambavyo hakuna duka linaloviuza, kwa kuwa shida vinazozitatua zinajulikana na watu wa mahali hapo tu. Njia iliyo baina ya hatari hizo mbili ni kuelekeza. Ili jambo hili lisibaki kuwa maneno matupu, ni vema kuanza na vijana wawili wa Afrika ambao habari zao zinafahamika na zimethibitika.

Taa za Kitengela

Kusini mwa jiji la Nairobi, nchini Kenya, ipo Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Upande wake wa kusini hauna uzio, ili wanyama wapate kupita kufuata malisho. Jirani na upande huo, katika eneo la Kitengela, wanaishi wafugaji wa Kimaasai. Pundamilia wakivuka, simba huwafuata. Na simba akishavuka hukuta zizi la ng'ombe likiwa karibu zaidi.

Richard Turere alilelewa katika mazingira hayo. Tangu utoto alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa baba yake, na ng'ombe wakiliwa usiku, aibu ya hasara ile ilimwangukia yeye. Kwanza alijaribu moto. Moto haukuwafukuza simba. Uliwaangazia zizi wakaona vizuri zaidi. Kisha alisimamisha sanamu ya kutishia. Usiku wa kwanza simba walisita na kurudi. Usiku uliofuata walitambua kwamba yule aliyesimama hatikisiki, wakaingia zizini.

Usiku mmoja alikuwa akizunguka zizi akiwa na tochi mkononi, na usiku huo simba hawakuja. Hapo aligundua kwamba simba wanaogopa mwanga unaotembea, kwa kuwa mwanga unaotembea humaanisha kwamba mtu yuko macho. Tatizo lililobaki ni kwamba mtoto hawezi kutembea na tochi kila usiku mpaka alfajiri. Ilibidi mwanga utembee wenyewe.

Alitumia vitu vilivyopatikana. Alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, swichi, na balbu ndogo zilizotoka katika tochi mbovu. Kiungo muhimu kuliko vyote kilikuwa kile kisanduku kidogo cha indiketa ya pikipiki, ambacho hufanya taa ya kukata kona iwake na kuzimika. Alizifunga balbu kuzunguka zizi zikitazama nje, mahali simba wanapotokea. Mwanga ulipokuwa ukiwaka hapa na kuzimika pale, simba walidhani mchungaji anazunguka, kumbe mchungaji amelala kitandani. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 11.

Taa hizo ziliokoa zaidi ya ng'ombe. Mwezi Juni 2012, katika eneo hilo hilo la Kitengela, simba sita waliuawa na wakazi waliokuwa na hasira baada ya mifugo kushambuliwa. Mfugaji anapopoteza ng'ombe hupoteza karo, chakula na heshima yake; na simba anapouawa, nchi hupoteza kitu kisichorudishwa kwa fedha. Kwa hiyo kisanduku cha indiketa ya pikipiki kilisimama katikati ya pande mbili zilizokuwa zikiuana. Majirani waliposikia waliomba wafungiwe taa kama hizo, akiwemo bibi mmoja mzee ambaye wanyama wake wengi walikuwa wameliwa. Hadi mwaka 2013, Turere alipoeleza kazi yake mbele ya mkutano wa kimataifa wa TED huko Marekani, alikuwa amefunga taa katika nyumba saba.

Ukweli hauna budi kusemwa wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu mazizi yaliyo jirani na hifadhi hiyo ulionyesha kwamba mashambulizi ya usiku yalipungua katika mazizi yenye taa, lakini ulionyesha pia kwamba simba walielekea zaidi kushambulia mchana, mifugo ikiwa malishoni. Kifaa kizuri kiliziba mlango mmoja, naye simba akatafuta mwingine. Kwa hiyo mwenye taa bado anamhitaji mchungaji, na mbunifu wa kweli hasemi kwamba kazi imekwisha.

Ifahamike pia kwamba ujuzi wa Turere haukuanzia zizini. Kabla ya taa hizo alikuwa amefungua redio mpya ya mama yake na kuitenganisha vipande vipande. Mama alikasirika mno, na mzazi yeyote atamwelewa. Lakini ndani ya redio ile ndimo kijana alimojifunza jinsi waya unavyokwenda na kurudi.

Feni ya Wimbe

Habari ya pili inatoka Malawi, katika eneo la Wimbe, wilaya ya Kasungu. Kati ya mwaka 2001 na 2002 nchi hiyo ilipatwa na njaa kali. William Kamkwamba alikuwa na umri wa miaka 14. Familia yake ya wakulima ilikuwa ikila mlo mmoja kwa siku, tena wa matonge machache, na karo ya sekondari ikakosekana. Aliacha shule.

Hata hivyo hakuacha kusoma. Katika shule ya msingi ya Wimbe palikuwa na maktaba ndogo ya vitabu vya msaada, na humo alikuta kitabu cha sayansi chenye picha za mitambo ya upepo. Kiingereza chake kilikuwa hafifu. Alizisoma picha kwanza, ndipo akatafuta maana ya maneno yaliyozizunguka. Alielewa kwamba mtambo wa namna hiyo unaweza kuzalisha umeme na kupampu maji. Kwa mtoto aliyeona mahindi yakikauka shambani, maji yanayopampiwa yalikuwa na maana ya kuvuna hata mvua inapokosekana.

Alikwenda kwenye jaa la vyuma chakavu. Alipata feni ya trekta, akapata shokapu, akatumia fremu ya baiskeli ya baba yake. Mapanga ya mtambo aliyatengeneza kwa bomba la plastiki alilolipasua, akalilainisha kwa moto na kulinyoosha. Mnara aliujenga kwa miti ya mkaratusi. Kitu kimoja hakikupatikana jaani, nacho ni dainamo, kile kidude kinachozungushwa na gurudumu la baiskeli ili taa iwake. Rafiki yake alikutana na mwenye dainamo na kumlipa kwacha 200 kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Laiti rafiki huyo asingetoa fedha zile, mnara ungebaki kuwa miti tu.

Watu walimwona kijana akiokota vyuma kutwa nzima wakasema amepungukiwa akili. Hata mama yake alipata hofu. Siku alipopanda mnarani na kuyaachia mapanga yazunguke, balbu ndogo aliyoishika iliwaka mbele ya umati. Baadaye umeme ule uliwasha balbu nne na redio mbili nyumbani kwao, na watu wakaanza kupanga foleni kuchaji simu.

Kuna sehemu ya habari hii isiyosimuliwa sana, nayo ndiyo inayofaa zaidi katika mazungumzo ya leo. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, na nyaya za Kamkwamba zilipita humo. Siku moja nyaya ziligusana zikaungua, na ni kwa bahati tu kwamba moto haukushika. Hakuishia kushukuru. Alirudi kwenye kitabu chake, akatazama jinsi kengele ya umeme inavyofanya kazi, akatengeneza kikata umeme kwa misumari iliyozungushiwa waya na kipande cha sumaku, ili umeme ukizidi, ujikate wenyewe. Swichi za taa alizitengeneza kwa raba ya kandambili. Kwa kazi hiyo ya usalama alistahili kuitwa fundi.

Mwezi Juni 2007, akiwa na umri wa miaka 19, Kamkwamba alisimama mjini Arusha, hapa Tanzania, katika mkutano wa TED, akaeleza kwa maneno machache alichokifanya. Kutoka hapo alipata watu wa kumrudisha shuleni, na mwaka 2014 alihitimu katika Chuo cha Dartmouth, Marekani. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 2009 na filamu ikafuata mwaka 2019.

Mambo yaliyofanana

Mtu akiziweka habari hizi mbili pamoja ataona mambo manne. La kwanza, kila mmoja alianza na shida ya nyumbani kwake. Turere hakutafuta kutengeneza taa. Alitafuta kuokoa ng'ombe. La pili, kila mmoja alitumia kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine. Indiketa ilikuwa ya pikipiki, feni ilikuwa ya trekta. Mchagua jembe si mkulima. La tatu, kila mmoja alishindwa kabla ya kufaulu, na kila kushindwa kulimfundisha jambo. La nne, hakuna aliyefanya peke yake. Kulikuwa na kitabu, kulikuwa na rafiki mwenye kwacha 200, na kulikuwa na mama ambaye, pamoja na hasira yake, hakumfukuza mtoto nyumbani.

Mambo hayo manne hayahitaji maabara. Yanahitaji jicho la kuona shida na jamii yenye subira.

Kompyuta ya kiganjani

Katika miaka ya karibuni mambo yamekuwa mepesi zaidi kwa sababu ya vibao vidogo vya kompyuta vilivyobuniwa mahsusi kwa wanaojifunza. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi wa chuo cha ubunifu walitaka kibao cha bei nafuu ambacho hata asiye mhandisi angeweza kukiamrisha. Walikiita Arduino. Walichora mchoro wake na kuuweka wazi ili mtu yeyote duniani aweze kuunakili na kutengeneza chake. Ndiyo maana leo zipo nakala nyingi za bei nafuu.

Tarehe 29 Februari 2012, nchini Uingereza, ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta kamili yenye ukubwa wa karibu sawa na kadi ya benki. Eben Upton na wenzake wa Cambridge waliona kwamba vijana walioomba kusoma kompyuta chuoni walikuwa wakipungua, na hata waliokuja walijua kuitumia kompyuta lakini hawakujua kinachotendeka ndani yake. Waliamua kutengeneza mashine ambayo mtoto ataweza kuichezea bila mzazi kuogopa kwamba mali ya familia itaharibika. Toleo la mwanzo lililovuma liliuzwa kwa dola 35 za Marekani.

Tofauti ya vifaa hivi viwili ni rahisi kueleza. Arduino hufanya kazi moja na kuirudia bila kuchoka, mathalani kupima unyevu wa udongo na kuwasha pampu udongo unapokauka. Raspberry Pi ni kompyuta hasa. Ikiunganishwa na kioo cha televisheni na kibodi, mwanafunzi anaweza kuandika, kuhesabu na kujifunza kutunga programu. Fundi aliyefunga taa za indiketa leo angeweza kutumia kibao kama Arduino kuzifanya ziwake bila mpangilio unaotabirika, ili mnyama asizizoee upesi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba asiye na kibao hawezi kuanza. Sehemu kubwa ya elimu hii hupatikana kwa vitu vya gharama ndogo, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

Kazi ya kwanza: kengele ya tanki

Kaya nyingi zenye tanki la maji hupata hasara moja isiyoonekana. Maji yanapotoka kwenye mfereji, tanki hujaa na kumwagika hali mwenye nyumba yuko shambani, sokoni au usingizini. Maji yaliyolipiwa huishia kwenye tope. Kengele ya kuarifu kwamba tanki limejaa ni kazi nzuri ya kwanza kwa anayeanza, kwa kuwa hutumia betri ndogo ya volti 9, nayo haigusi umeme wa nyumba hata kidogo.

Vinavyohitajika ni betri hiyo, kengele ndogo ya umeme inayolia ikipewa volti 9, transista moja ya kawaida kama ile inayoitwa BC547, rezista moja ya kiloomu 1, na nyaya. Vitu hivi hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya redio, au kwa fundi redio ambaye sanduku lake la vitu vibovu ni hazina.

Transista hufanya kazi kama koki. Ina miguu mitatu, na umeme kidogo sana ukiingia katika mguu wa kati, umeme mwingi zaidi huruhusiwa kupita baina ya miguu miwili ya pembeni. Maji ya kawaida hupitisha umeme, lakini hafifu. Peke yake umeme huo hauwezi kuliza kengele. Hapo ndipo transista inapofaa: maji hufungua koki, na koki hupitisha umeme wa kutosha.

Mpangilio wake ni huu. Waya wa kwanza hutoka upande chanya wa betri na kushuka hadi karibu na mdomo wa tanki, mahali maji yanapofika likikaribia kujaa. Waya wa pili huwekwa kando ya ule wa kwanza, kwa umbali wa kidole kimoja, bila kugusana. Ncha ya juu ya waya huu wa pili hupita kwenye rezista, kisha huingia kwenye mguu wa kati wa transista. Mguu mmoja wa pembeni, uitwao emita, huunganishwa na upande hasi wa betri. Mguu uliobaki, uitwao kolekta, huunganishwa na upande hasi wa kengele, na upande chanya wa kengele hurudi kwenye upande chanya wa betri. Kabla ya kufunga, sharti miguu ya transista itambuliwe vema kwa kuuliza au kwa kusoma karatasi ya maelezo, kwa sababu aina moja haipangwi kama nyingine.

Tanki likiwa tupu, hakuna kinachounganisha nyaya mbili, hivyo kengele hunyamaza na betri hukaa muda mrefu. Maji yakipanda na kuzigusa nyaya zote mbili, kengele hulia. Rezista ipo kuilinda transista endapo nyaya zitagusana kwa bahati mbaya.

Kasoro yake itajitokeza baada ya muda. Ncha za shaba zinazokaa majini huku umeme ukipita huliwa na kutu ya kijani. Dawa yake ni kutumia bolti mbili za chuma kisichoshika kutu badala ya ncha za waya, na kuzima kengele mara inaposikika. Mwanafunzi atakayeiona kasoro hii mwenyewe, akaitafutia dawa, atakuwa amepata somo la kemia kuhusu umeme majini bila kuambiwa kwamba anasoma.

Mipaka isiyovukwa

Ndugu wananchi, sehemu hii inastahili kusikilizwa na wazazi kuliko wote. Hatari za kazi hii si nyingi, lakini zilizopo ni za kufisha, nazo zinajulikana.

Umeme wa nyumbani ni wa volti 230. Mtoto, na hata mtu mzima asiye fundi, asiuguse kwa jina la kujifunza. Kazi ya kufunga au kubadili nyaya za nyumba ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Anayeanza atumie betri kavu, au betri ya volti 12 iliyofungwa vizuri.

Betri ya gari yenyewe ina hadaa. Volti zake 12 hazimrushi mtu, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Lakini waya ukiunganisha vichwa vyake viwili moja kwa moja, hupita umeme mwingi kiasi cha kuufanya waya uwe mwekundu kwa moto ndani ya sekunde chache. Ndani yake kuna asidi, na inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Kwa hiyo fyuzi haina budi kufungwa karibu na kichwa cha betri, na betri ikae mahali penye hewa, mbali na moto na mbali na watoto wadogo. Nyumba ya Kamkwamba iliponea kwa bahati. Kaya nyingine zisitegemee bahati.

Betri za simu zisitobolewe, zisikunjwe wala zisichomwe. Ile iliyovimba isichajiwe tena. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, pamoja na majiko ya maikrowevu, zisifunguliwe na anayejifunza, kwa sababu huhifadhi umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Katika kulehemu, mafundi wengi hutumia risasi. Anayelehemu akae mahali penye hewa, asile wala asinywe huku akifanya kazi, na anawe mikono kwa sabuni akimaliza. Nyaya zisichomwe moto ili kupata shaba, kwa kuwa moshi wa plastiki yake ni sumu kwa anayechoma na kwa majirani. Mabaki yasitupwe mtoni wala shambani. Yakusanywe mahali pamoja, kwa sababu kilicho taka leo huenda kikawa kipuri kesho.

Sheria ya mwisho ni fupi: mtoto asifanye kazi hii akiwa peke yake, na asiifanye akiwa na usingizi.

Yanayowezekana katika kata

Hakuna haja ya kungoja jengo jipya ili mambo haya yaanze. Meza moja yenye mwanga wa kutosha, kwenye darasa lisilotumika jioni au kwenye ofisi ya mtaa siku ya Jumamosi, inatosha. Juu yake huhitajika bisibisi mbili au tatu, koleo, kifaa cha kulehemu, kipimo cha umeme na ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Kamati ya shule, kwa makubaliano na mwalimu mkuu, inaweza kuamua nani ashike ufunguo na nani asimamie.

Walimu wa meza hiyo wapo tayari. Ni mafundi redio na mafundi simu wanaofanya kazi zao barazani, ambao ujuzi wao mara nyingi hauna cheti na kwa hiyo hauheshimiwi. Fundi aliyetengeneza redio za kata kwa miaka mingi anajua kwa kunusa kiungo kipi kimeungua. Akifa bila kufundisha, ujuzi huo huzikwa naye. Inafaa aombwe kwa heshima, naye alipwe kile wakazi watakachokubaliana, ingawa kiwe kidogo.

Vipuri pia vipo. Kila kaya ina droo au kikapu chenye simu iliyokufa, chaja isiyochaji na redio isiyosema. Vikikusanywa mara moja kwa mwezi na kuchambuliwa chini ya usimamizi, vitawapa vijana transista, spika, swichi na nyaya pasipo kununua. Visivyofaa vitatengwa badala ya kutapakaa mitaani.

Iandikwe pia orodha ya shida, nayo iandikwe na wakazi wenyewe. Mfugaji ataandika habari ya chui au fisi. Mkulima ataandika nguruwe mwitu. Mama mwenye duka ataandika mlango unaofunguliwa usiku. Muuguzi wa zahanati ataandika joto la jokofu la chanjo ambalo mtu hana budi kulitazama mara kwa mara. Vijana wakiisoma orodha hiyo watakuwa na kazi yenye mwenyewe anayeingoja. Kifaa kisichongojwa na mtu huishia kuwa mchezo. Kile kinachongojwa hutengenezwa mpaka kifanye kazi. Lakini pale afya ya watu inapohusika, kifaa cha nyumbani kiwe msaidizi wa kile kilichothibitishwa, kisichukue nafasi yake.

Wasichana wasisahauliwe. Katika nyumba nyingi kaka hupewa tochi aifungue na dada hupewa sufuria aisugue. Hakuna sababu yoyote ndani ya waya wala ndani ya transista inayotaka iwe hivyo. Ikiwa zamu za meza zitapangwa kabla ya giza, na msimamizi wa kike akawepo, wazazi watawaruhusu binti zao bila hofu.

Hitimisho

Mama yake Turere alipoikuta redio yake mpya ikiwa vipande, hakuwa na namna ya kujua kwamba mbele kuna zizi litakalolala salama. Aliona hasara tu, na hasara ilikuwa ya kweli. Mzazi wa leo anaweza kuwa na jambo ambalo mama yule hakuwa nalo, yaani redio mbovu ya kumpa mtoto badala ya ile nzima, meza ya kumpeleka, na fundi wa kumkabidhi. Kwa mambo hayo matatu, kitu kizima kitabaki kizima, mtoto atabaki hai, na udadisi wake hautazimwa.

Samaki mkunje angali mbichi. Anayefungua redio leo akielekezwa, kesho atakuwa ndiye anayeitwa usiku pampu ya kijiji inapozima, na atakuja akiwa anajua ni waya upi wa kugusa na upi wa kuacha.